Sauti ya Mama Sungura

Rehema, mratibu wa tamasha letu la filamu, ameniomba niwaandikie ninyi vijana mtakaosoma filamu baada yangu. Amesema niandike bila kuogopa. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kazi hii nimeifanya kwa woga tangu siku ya kwanza hadi niliporudisha kipaza sauti, na nikiuondoa woga hakuna kitakachobaki cha kuandika. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Marehemu baba, aliyetoka Kondoa akaja kuuza viungo mtaani Daraja Mbili, alikuwa akinitania kwamba nitazikwa nimeziba masikio. Nikimjibu kwa methali aliyonifundisha mwenyewe: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Basi anarudi kupima iliki zake.

Kwa wageni wa kazi, nieleze kidogo. Filamu za watoto hutujia kutoka nchi nyingi, na ni nadra kupata hata moja inayosema Kiswahili. Watoto wetu hawawezi kukimbizana na maandishi yanayopita chini ya picha, na wale wadogo hawajajua kusoma kabisa. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa pembeni ya jukwaa, mezani penye taa ndogo, filamu ikimnong'oneza sikioni, naye anasema kila kitu kwenye kipaza sauti kwa Kiswahili. Anakuwa baba, mama, mbwa, mchawi, na ikibidi anakuwa hata upepo. Mtu huyo, tunayemwita msomaji, nilikuwa mimi, Bi Zainabu, mwalimu wa chekechea.

Siku ya kwanza nilifika ukumbini na tumbo tupu kwa sababu chai ilikataa kushuka. Nilikuwa nimezoea watoto thelathini chini ya dirisha. Hawa walijaza ukumbi mzima, wameletwa na shule na wazazi kutoka Sakina, kutoka Kwa Mrombo, na wengine kutoka huko juu mlimani, na wote walikuwa wakipiga kelele. Kisha taa zikazimwa na kelele zikakatika palepale. Mpaka leo sijaona kitu kinachonitisha kama ule ukimya. Watoto wote wale wamekaa gizani na wanasubiri mtu mmoja awaambie kinachotokea.

Filamu yenyewe ilikuwa na bibi kizee mchawi. Nikampa sauti niliyoiba kwa jirani yetu mmoja aliyekuwa akifukuza kuku. Nilijitahidi kupita kiasi. Safu za mbele zikaanza kulia, kilio kikapanda nyuma kama kinavyopanda chekechea, na mwalimu mmoja akaja ameinama mpaka mezani kwangu akaninong'oneza, "Mama, tafadhali, huyu mchawi mpunguze." Nikampunguza. Akamalizia filamu akiwa mchawi mpole kabisa anayeomba radhi kila anapomroga mtu.

Aliyenifunza kazi hasa ni Mzee Kimaro, Mchaga wa Marangu, fundi wa mashine ya kuonyeshea. Ujanani alizunguka vijijini na gari la sinema, na alikuwa na maneno machache, yote makali. Siku ile ya kwanza alinifuata nje nikiwa nafuta jasho.

"Mwalimu," akasema, "umeziba masikio yote mawili na hizo hedifoni."

"Sasa nitasikiaje filamu?"

"Sikio moja la filamu, sikio moja la watu. Filamu haitakufa wewe usipoisikia. Hawa watoto je?"

Nikaudhika, maana sikupenda neno kufa litamkwe karibu na watoto. Lakini kuanzia kesho yake upande wa kushoto nikauacha wazi. Kwa sikio hilo nilijua mtoto anayetaka kwenda chooni, mtoto anayefinywa na mwenzake, na mtoto anayecheka pasipo na kichekesho kwa sababu anaogopa. Mzee naye akawa na ishara yake kwangu: akimulika tochi darini mara mbili, mashine ina tatizo, mimi niendelee kusema hata picha ikigoma. Nimewahi kusimulia safari ya mashua mpaka ikatia nanga wakati nyuma yangu hakuna kitu ila kitambaa cheupe.

Miaka iliyofuata tukaanza kupeleka filamu mlimani, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa, tukitundika kitambaa kwenye ukuta wa nyumba ya usharika wa kanisa. Huko nilijifunza jambo lililoniongezea woga. Jioni moja ukungu wa Meru ulishuka katikati ya filamu ya farasi. Mwanga wa mashine haukufika ukutani. Ulisimama katikati ya ukungu, na kile kichwa cha farasi, kikubwa kama kibanda, kikawa kinaelea hewani juu ya watoto na kufumba macho. Wakaruka wote. Benchi zikaanguka na watoto wakaelekea kwenye korongo, palepale ambapo hakuna mtu mzima aliyekuwa amesimama. Na mimi nilishanyanyuka, nisiwafiche, nilikuwa nakimbia upande wangu.

"Sema nao!" Mzee Kimaro alinifokea.

Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni, kwa sauti ya farasi. "Jamani, mnanikimbia? Nimekuja kunywa ukungu wenu tu. Nyumbani kwetu hakuna mtamu hivi." Nikaunywa, srup, srup, kwenye kipaza sauti. Wakasimama. Mmoja akacheka, wakacheka wote, wakarudi kuinua benchi. Wenyeji wakanisifu sana na kunipa kahawa. Niliinywa nikilitazama lile korongo. Watoto wameacha kukimbia kwa sababu farasi kawaambia. Nikajiuliza, je, kama farasi angewaambia wakimbie?

Nilifanya kazi miaka mingi na swali hilo tumboni. Sasa niwaeleze Jumamosi ya moto, maana najua hiyo ndiyo mnayoisubiri.

Ilikuwa asubuhi, katika ukumbi mmoja wa zamani wa kukodi mjini, ambao siku hizi umebomolewa. Nje kulikuwa na jua kali. Ndani tulikuwa tumefunga mapazia yote, umeme wa kawaida umekatika, tunatumia jenereta, na nyaya zake zilipita nyuma ya jukwaa. Filamu ilitoka nchi ya baridi. Mama sungura anamficha mwanawe kwenye gogo lenye shimo, anakwenda kutafuta chakula kwenye theluji. Nilikuwa nimempa mama huyo sauti ya chini, ya taratibu, sauti ya mtu anayekanda mgongo wa mtoto alale. Kwa sauti hiyo nikasema, "Usitoke, mwanangu. Watakuja watakaokuita kwa jina lako, usitoke. Toka ukisikia sauti yangu tu." Mama akaondoka. Mbweha akaja akilizunguka gogo, akiita kwa utamu, "Mtoto mzuri, njoo. Mtoto mzuri, toka nje."

Hapo pua yangu ikanasa harufu ya mpira unaoungua. Sikio langu la wazi likasikia kitu kikitatarika nyuma ya kitambaa. Tochi ya Mzee Kimaro ikamulika darini mara mbili, ikarudia, ikarudia tena. Na Rehema akanijia akitambaa kwa magoti.

"Bi Zainabu, moto nyuma ya jukwaa," akaninong'oneza. "Umeshika pazia. Usiutaje, mama, nakuomba, watakanyagana. Milango nimefungua."

Ukumbi ulikuwa na milango miwili tu, tena yote upande wa nyuma. Nilijua nikisema neno hilo moja, wakubwa watawapitia wadogo. Nilijua pia kwamba nikinyamaza tumekwisha. Nikamwacha mbweha katikati ya sentensi yake na kuchukua sauti ya msimulizi.

"Sasa," nikasema, "sungura wote wa mlimani wanatoka mashimoni kwenda kuota jua. Wanakwenda kimya, maana mbweha ana masikio makali. Safu ya nyuma kabisa inasimama kwanza. Wanashikana mikono. Walimu wa sungura wako mbele yao."

Walimu wakaelewa. Mungu awabariki walimu, hao wanaelewa jambo kabla hujalimaliza. Safu ya nyuma ikatoka, ikafuata iliyo mbele yake. Mzee Kimaro hakuizima mashine, kwa sababu mwanga wa picha ndio uliokuwa ukiwaonyesha watoto njia katikati ya viti. Nikawa nasema kila safu isimame lini, nikiwasifu sungura kwa mwendo wao mzuri, na nyuma ya shingo yangu joto likizidi kupanda. Mkojo ulinitoka kidogo. Naandika hili kwa sababu siku moja litawapata, na nataka mjue kwamba sauti inaweza kuendelea hata hivyo.

Safu za mwisho, zile za mbele, zilikuwa zinatembea pale jenereta ilipozima. Picha ikafa na kipaza sauti kikafa. Lakini milango ilikuwa wazi, jua likiingia, na watoto wakaufuata mwanga. Nikawafuata nikipapasa viti, nikatoka nje, nikakaa chini kwenye kokoto.

Walimu wakahesabu. Wakahesabu tena. Kisha nikasikia mwalimu wa shule moja ya Akheri akimuuliza mama mmoja mtu mzima aliyevaa kitenge cha kwaya, "Bibi, Anande si uko naye?"

"Nilimwona kwako, mwalimu," yule bibi akajibu. "Si alikuwa na wenzake?"

Walitazamana. Huyo Anande alikuwa mjukuu wake wa chekechea. Bibi aliwasindikiza watoto wa shule kwa sababu tamasha letu ni la familia, mtoto akakaa mbele na darasa lake, bibi akakaa na wazazi. Kila mmoja alitoka akiamini mtoto yuko kwa mwenzake.

Wakakimbilia mlangoni. Moshi ulikuwa umejaa kwenye dari na unashuka. Rehema akaita, mlinzi akaita, mwalimu akaita kwa sauti tamu ya kubembeleza, "Anande! Anande, mtoto mzuri, njoo! Toka nje mama!" Hakujibu mtu. Mlinzi akaingia akimulika, akarudi anakohoa, akasema ukumbi ni mtupu. Yule bibi akaanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti ya juu, ameshika nguzo.

Nilikuwa bado kwenye kokoto. Nikasikia tena, kwa lile sikio langu la kushoto, "Mtoto mzuri, njoo. Toka nje." Yalikuwa maneno ya mbweha. Nikaelewa mtoto yuko wapi na kwa nini hajibu. Mimi niliwaambia kwa mdomo kwamba sungura wote wanatoka. Lakini wakati ule picha ilionyesha sungura mdogo amelala kwenye gogo, haondoki, na mama yake alishamwambia watakuja watakaomwita kwa jina. Anande alikuwa mtoto mtiifu. Kadiri tulivyomwita kwa utamu, ndivyo alivyozidi kujibana.

"Nyamazeni," nikasema. Hawakunisikia. "Nyamazeni nyote, mnamficha!"

Mzee Kimaro akawanyamazisha, maana ukali wake kila mtu aliujua. Nikamwagia maji ushungi wangu, nikafunika pua, nikaingia nimeinama. Msiniite shujaa. Niliingia kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye sauti ile, na kila hatua nilitamani awepo. Taya lilikuwa linagonga. Na mama sungura hatetemeki. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko moto: nikiita kwa sauti inayotetemeka, mtoto atajua ni mbweha.

Nikasimama katikati ya viti. Nikajiziba masikio kwa viganja, kama baba alivyotabiri, nisisikie zile mbao zinazopasuka. Nikavuta pumzi ndani ya kitambaa. Kisha nikasema, chini, taratibu, "Mwanangu. Nimerudi. Ni mimi. Toka sasa, polepole."

Nikaondoa viganja. Kimya.

"Nimerudi, mwanangu. Umefanya vizuri kunisubiri. Toka."

Kitu kikakwaruza sakafuni chini ya viti vya mbele. Kikatokea kichwa, kikafuata kisweta cha shule. Nikamvuta kwa mkono, nikamkumbatia. Hakunitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu, huku na huku, akitafuta. Nilikimbia naye mpaka mlangoni, na Mzee Kimaro akatupokea wote wawili kwa mpigo.

Watu walipiga vigelegele. Bibi alimpokea mjukuu wake akalia. Hapo ndipo Anande akaanza kupigana. Alimng'ata bibi yake mkononi, akateleza chini, akachomoka mbio kuelekea kwenye ule mlango unaotoa moshi. Mlinzi alimdaka kwenye ngazi.

"Mama yuko ndani!" alikuwa anapiga kelele. "Niache! Mama yuko ndani!"

"Mama yako yuko kazini, mjini Moshi," bibi akamwambia, amechanganyikiwa.

"Si mama yangu! Mama wa sungura! Kaniita, nimemsikia!"

Zimamoto walikuja, wakauzima. Kitambaa kiliungua, jukwaa liliungua, viti vya mbele viliungua, hata kile alichokuwa amelala chini yake. Hakuna aliyeumia zaidi ya kukohoa. Watu wa redio wakaja kuniuliza nilijisikiaje, nikawaambia nataka kwenda nyumbani kubadili nguo.

Kwa siku kadhaa sikulala vizuri. Nikifumba macho nilikuwa naona si moto, bali mtoto aliyelala chini ya kiti, ananisubiri, kwa sababu nilimwambia anisubiri. Hakuna kosa nililofanya. Rehema alinieleza hivyo, na Mzee Kimaro, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alinieleza hivyo. Nami nilijua. Filamu ilisema vile, nami nikaisema vizuri. Lakini ningekuwa msomaji mbaya, msomaji wa kuboa, yule mtoto angetoka na wenzake. Fikirieni hilo mnapopigiwa makofi.

Wiki iliyofuata nilisikia hodi nyumbani. Alikuwa bibi wa Anande, kateremka kutoka Akheri na mjukuu wake mkononi.

"Shikamoo," mtoto akasema, akitazama chini.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni ndani."

Bibi hakutaka hata chai kwanza. "Mama Zainabu, nisaidie. Huyu mtoto halali. Usiku anaamka ananiambia yule mama ameungua, kwamba alikuja kumtoa yeye akabaki mwenyewe kwenye moto. Nimemwambia ni picha tu. Nimemwombea. Mchungaji kamwombea. Anakataa. Anasema alimsikia kwa masikio yake."

Niliogopa kumjibu. Nikisema hakuna mama, nimemfanya mtoto mwongo, naye alisikia kweli. Nikisema yupo, atamtafuta maisha yake yote. Nikaketi kwenye mkeka tukalingana, mchana kweupe, mlango wazi. Nikavua ushungi ili auone uso wangu wote, mvi na meno yaliyobaki.

"Anande, nitazame mdomo," nikamwambia. Kisha kwa sauti ile, chini, taratibu, nikasema, "Mwanangu. Nimerudi. Ni mimi."

Akashtuka. Akanitazama mdomo, akatazama nyuma yangu kama siku ile, akarudisha macho. Nikasema tena. Akanyoosha kidole akanigusa koo, pale linapotetema.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Sikuungua. Tulitoka wote wawili, nilikubeba."

Bibi yake alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, amefurahi, anadhani yamekwisha. Nami nilianza kupumua. Kisha Anande akaondoa kidole chake kooni mwangu.

"Na mbweha?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Mlango ulikuwa wazi na watoto wa jirani walikuwa wanacheza rede uani.

"Mbweha pia ni mimi," nikasema.

Akarudi nyuma akamshika bibi yake. Hakulia. Alinitazama tu, kwa macho ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naweka chini nilichokishika. Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo lakini ya kuamuru, "Basi mwache yule mtoto wa sungura."

"Nimemwacha," nikamjibu. Bibi yake aliniambia baadaye kwamba usiku ule mtoto alilala.

Ndiyo sababu, vijana wangu, tangu tamasha lililofuata sikuwahi kuanza filamu gizani. Taa zikiwaka, nilisimama mbele ya watoto nikatoa sauti zote za siku hiyo, ya mama, ya mbaya, ya upepo, wanione ninavyozitoa. Kisha nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, hii iliyochakaa, kwamba nikiwaambia tokeni kwa sauti hii watoke, hata kama kwenye picha hakuna anayetoka. Msiiache kazi hiyo kwa sababu ratiba imechelewa. Na mnapozitoa hizo sauti msitazame wanaocheka, hao wana nafuu yao. Tazameni wale wawili watatu wasiocheka, wanaokodoa macho na kusogea karibu na mwalimu. Kumbukeni wamekaa wapi kabla taa hazijazimwa.